Shela Langu Lililoletwa Bure

Nina miaka thelathini na mbili, ninaishi Tunduma, nina saluni yangu karibu na stendi, na mume sina. Nikisikia mtu anatamka neno "bure" natema mate... Mtanisamehe wasomaji wenzangu, wengine huandika mikasa yao wakilia, mimi machozi yalishanikauka. Ninaandika haya kwa kinyaa!

Nianze na mama yangu, maana bila yeye hamtaelewa kilichoniuma.

Kwetu ni Hasamba, kule Mbozi kwenye kahawa. Mama alikuwa na mkono wa kudarizi ambao sijauona kwa mwanamke mwingine. Alipozidiwa na ugonjwa, akawa hawezi tena kushika jembe, alikaa kitandani na kitambaa kimoja cheupe, kirefu, upana kama wa mkanda mkubwa. Akadarizi matawi ya kahawa tangu ncha hadi ncha... majani ya kijani, matunda mekundu yaliyoiva, na hapa na pale ua jeupe ambalo usipolitazama kwa karibu hulioni. Alikuwa anatunga uzi huku anakohoa.

Alipomaliza aliniita. Akasema, "Oliva, hiki ni cha siku yako ya harusi. Mimi sitakuwepo. Utakifunga kiunoni, utajua nimekushika."

Akafariki kabla mvua za mwaka ule hazijakatika. Nguo zake waligawana ndugu, vyombo vikabaki kwa baba. Mimi nilibaki na kile kitambaa, nikakiweka sandukuni, na nikaapa kwamba siku ya ndoa yangu nitaingia kanisani mama amenishika kiuno. Hicho tu ndicho nilichokitaka duniani. Sikutaka keki ya ghorofa wala msafara wa magari!

Miaka ikapita. Nikahamia Tunduma, nikafungua saluni, nikasuka maharusi wa watu mpaka vidole vikaota sugu. Wa kwetu, wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, wote wakipita mikononi mwangu. Wa kunioa mimi hatokei.

Ndipo akaja Festo.

Festo alikuwa dereva wa semi, anatoa mizigo Dar anapeleka Kongo. Ninyi mnaoijua foleni ya malori ya Tunduma mnajua dereva anavyoweza kukaa hapa mpaka akawa mwenyeji. Siku moja aliingia saluni kuomba kuchajisha simu. Akasalimia wanawake wote mmoja mmoja, wakubwa akawaamkia, wadogo akawatania. Simu ikajaa chaji, yeye hakuondoka. Wateja wangu wakaanza kunikonyeza.

Sitawachosha na mapenzi yetu. Alikuwa mcheshi, hanywi, kila safari hakosi kuniletea kitu. Alikwenda Hasamba kujitambulisha, baba akamkubali, ng'ombe wa mahari wakafika. Tukapanga ndoa iwe baada ya mavuno ya kahawa, ili ndugu wa Hasamba na Itaka wawe na chochote cha kuchangia. Kamati ikaundwa. Jina langu likatangazwa kanisani. Jamani, nilikuwa na furaha mpaka nikawa nasuka wateja huku naimba!

Shela nililiona kwenye simu. Kulikuwa na mama mmoja fundi wa Dar, anashona mashela na kuyatangaza kwenye ukurasa wake wa Facebook. Nikamtumia vipimo vyangu kwa WhatsApp. Nikamweleza habari ya kitambaa cha mama, nataka kishonewe kiunoni. Akanijibu vizuri sana, nitume kitambaa, atakishonea kwa mkono wake asije akaharibu kazi ya marehemu.

Kuhusu kuletewa mzigo, akanipa njia mbili. Ya kwanza, atalipakia shela kwenye basi la Tunduma, boksi limefungwa, lina jina langu na namba yangu, nalipia usafiri, ananitumia picha ya risiti, na hakuna wa kulifungua mpaka nifike ofisi ya basi na kitambulisho. Ya pili, nimtume mtu wangu alifuate dukani, hiyo ni bure.

Sasa sikilizeni ujinga wetu watu wa Tunduma. Hapa kulipia mzigo ni kichekesho! Kila mtu ana dereva wake. Ukitaka friji kutoka Dar, unamwambia dereva. Ukitaka hata viatu, dereva. Mtu akikuona ofisi ya basi unalipia kiboksi, anakuuliza umegombana na nani. Na mimi basi, nimechumbiwa na mwenye semi inayopita barabara hiyohiyo! Ningelipia vipi bila kutangaza mji mzima kwamba simwamini mume wangu mtarajiwa?

Festo mwenyewe alicheka. Akasema, "Mimi nipo halafu ulipe basi? Watu watasema mumeo anaendesha mkokoteni."

Aliyepinga ni mmoja tu, shangazi yangu wa Itaka, dada yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa akinisimamia badala ya mama. Aliniambia nilipie. Alisema kitambaa cha marehemu hakipandi gari bila karatasi. Nikamwona mshamba. Nikamwambia shangazi, siku hizi si zamani... Nikakikunja kitambaa cha mama, nikakitia kwenye mfuko safi, nikamkabidhi Festo kwa mikono yangu miwili.

Shela likaisha. Fundi akaniandikia kwamba shemeji ameshalichukua, na jinsi alivyo mcheshi nimepata mume. Nikaanza kusubiri.

Mara Festo anapiga simu, gari limemharibikia Makambako. Gia boksi. Spea inatoka Dar. Baadaye simu ikawa haipatikani, nikimpata anaongea kwa kunong'ona, ati yuko chini ya gari. Wiki ikakatika, na nyingine ikaanza. Na mimi, mpumbavu wa Mungu, nikafunga na kuomba! Nikawaomba kina mama wa kanisani tuungane kuiombea gia boksi! Wanawake wazima wamepiga magoti wanaliombea lori lililokuwa zima kabisa... Hadi leo nikikutana nao naona aibu.

Akatokea. Amenawiri, amenyolewa vizuri, ananukia. Nikampikia kuku na ugali, akala, akajinyoosha kwenye kochi langu akasinzia. Mimi na shangazi, aliyekuwa amekuja kwa maandalizi, tukaingia chumbani na boksi. Lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, fundo kubwa la kienyeji. Shangazi akalitazama lile fundo akaguna.

Nikafungua... Harufu ilinipiga usoni! Jasho. Jasho la mtu, limechanganyika na pafyumu kali na mafuta ya pilau. Nikasema labda ni boksi. Nikalitoa shela. Kwapani pana njano. Shingoni pana poda ya uso imegandiana na kitambaa. Pindo la chini lina tope jekundu lililokauka. Kifuani doa la soda. Na kwenye zipu, hapo mgongoni, kulikuwa na nywele za bandia zimenasa, za rangi ya kahawia. Mimi ni mtu wa saluni, wasomaji. Nilijua ni nywele zilizokuwa kichwani mwa mtu, mtu akavuliwa nguo kwa haraka.

Shangazi akasema taratibu, "Mwanangu, hii nguo imechezewa muziki."

Lakini mimi sikusikia hata hilo, maana macho yangu yalikuwa kiunoni. Hapakuwa na kitu! Palikuwa na alama za sindano tu na nyuzi zilizokatwa. Mama hayupo!

Nilipiga kelele. Festo akaja anapikicha macho. Akasema mafundi hujaribisha nguo kwa wasichana wao wa dukani. Kuhusu kitambaa akasema yule mama wa Dar ni mwizi, amekipenda akakichomoa. Akakasirika kuliko mimi! Akaniambia nimpigie palepale.

Nikampigia. Fundi akashangaa, akasema kitambaa alikishona mwenyewe, tena, "Mbona kwenye picha kimekukaa vizuri hivyo, dada?" Nikamuuliza picha gani, mimi sijatuma picha yoyote. Kabla hajajibu Festo alininyang'anya simu akamporomoshea matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akakata. Nami nikadhani yule mama amenichanganya na mteja mwingine. Nikamwandikia maneno mabaya... mwizi wa nguo za marehemu, mchawi... Akanifungia WhatsApp. Ilikuwa haki yake.

Nikalifua lile shela. Mnaamini? Nililifua! Harusi imekaribia, lingine sina, kamati inanihimiza. Nilikuwa nasugua kwapa la mwanamke nisiyemjua huku namwomba mama radhi. Shangazi alikaa mlangoni hataki hata kuligusa.

Kilichofuata kilitokea saluni, mchana kweupe. Nilikuwa namsuka dada mmoja kutoka Nakonde, mteja wangu wa siku nyingi, naye anajiandaa kuolewa. Akaniomba nimwonyeshe nilikoagiza shela. Nikamwambia nitakuonyesha ili umwepuke, huyo ni mwizi. Nikafungua ule ukurasa wa Facebook, nikawa nashusha picha za maharusi.

Nikamwona Festo.

Amevaa suti, amekenua. Pembeni yake mwanamke mwenye nywele za kahawia, amevaa shela langu. Na kiunoni mwake... matawi ya kahawa ya mama! Majani, matunda mekundu, yote! Mkono wa Festo umelala juu yake. Chini ya picha fundi ameandika: "Bibi harusi wetu wa Tunduma amependeza, hongera sana dada Oliva!"

Jina langu. Shela langu. Mama yangu. Mume wangu. Sura ya mtu mwingine!

Yule dada wa Nakonde aligeuza shingo na nywele zikiwa nusu akatazama simu. "Mayo we!" akamwita mama kwa lugha ya kwao. "Si ndiye Festo wako huyu?" Nilikimbilia nyuma ya saluni nikatapika mpaka nikabaki natoa maji.

Nikamfuata Festo kwenye maegesho ya malori. Alikuwa anakunywa chai na wenzake. Nikamwekea simu usoni. Nilitegemea atapiga magoti, au atakana, au hata atanipiga! Yeye akanywa funda moja, akaniuliza mbona napiga kelele mbele ya watu. Halafu akasema maneno ambayo sitayasahau mpaka naingia kaburini:

"Sasa tatizo ni nini? Shela si limefika? Kwani umelipa hata senti ya usafiri?"

Akaendelea kunieleza, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Yule wa Makambako ni mke wa ndoa ya bomani, amempa ujauzito, wazazi wake wamemkalia kooni, ikabidi. Mimi ndiye wa kanisani. Yule hakuwa na nguo, na shela lilikuwepo garini limelala tu. Limevaliwa siku moja, halikuchanika, halikupungua kitu. Kisha akaniambia nikae ninywe chai.

Khaa! Mtu mzima, na ndevu zake!

Mngedhani watu watanitetea. Dada yake Festo alinipigia akicheka, akasema wanaume wa barabarani ndivyo walivyo, nishukuru huyu anarudi. Mwenyekiti wa kamati, mtu niliyekuwa namheshimu, alikuja na makaratasi yake ya michango. Akasema ukumbi umeshakodiwa, mpishi ameshalipwa, kadi zimesambaa, yeye atawaambia nini watu? Akashauri shela lipelekwe kwa dobi mzuri wa Mbeya na mambo yaishe. Nilimwuliza kama binti yake angelivaa. Akakunja makaratasi yake akaaga.

Kumbe kwao harusi ni ukumbi na pilau! Bibi harusi ni kitu cha kuingizwa mlangoni muziki ukipigwa, awe amevishwa jasho la nani haidhuru. Ptuu!

Aliyeniokoa ni baba. Nilikwenda Hasamba nikamweleza, naogopa, nikidhani atasema nimemwaibisha. Baba si mtu wa maneno. Alinyanyuka akaenda zizini kuhesabu. Aliporudi alisema, "Ng'ombe wake wote wapo. Kesho wanarudi." Kisha akaniuliza, "Kitambaa cha mama yako kiko wapi?"

Hapo ndipo nilipolia.

Ikabidi nimtafute fundi wa Dar kwa simu ya shangazi. Nilimwomba radhi mpaka nikaishiwa maneno. Yule mama, Mungu ambariki, alinisamehe. Akaniambia kwenye kila boksi la shela huweka kikaratasi: bibi harusi akituma picha yake anapata zawadi ya bure. Picha zilitoka namba ngeni, lakini zilikuwa na Festo na shela alilolishona kwa mkono wake, basi akajua ni mimi. Sura yangu hakuwahi kuiona. Akanipa ile namba.

Mwanamke wa Makambako anaitwa Anjela. Nilimpigia nimejaza matusi mdomoni. Nilipotaja Festo na shela, akaniuliza polepole, "Kwani wewe ndiye Oliva? Niliona lile jina chini ya picha yangu nikamuuliza. Aliniambia ndilo jina la duka."

Matusi yakanikwama. Nikamuuliza kuhusu kitambaa. Akasema Festo alimwambia shela ni la kukodi, linatakiwa kurudi Dar. Yeye alikipenda kile kitambaa, akaona kama kimepachikwa tu juu, akakitoa abaki na ukumbusho wa harusi yake. Nikamuuliza sasa kiko wapi.

"Nimefunikia televisheni, dada."

Televisheni! Mama yangu amekohoa juu ya kile kitambaa mpaka siku zake za mwisho, ati kifunike televisheni, Festo akae mbele yake amenyoosha miguu anatazama mpira! Nilimweleza Anjela kilitoka wapi. Nilimweleza yote, hadi lile neno la mama la kunishika kiuno. Nikasikia analia upande wa pili. Akasema atanirudishia.

Jioni yake nikapata ujumbe wa Festo. Sijui Anjela alimwambia nini. Ameandika: "Usihangaike na gharama za basi. Kesho kutwa napita na gari, nitakuletea mwenyewe bure."

Wasomaji, niliuosha mkono ulioshika simu. Nilimpigia Anjela nikamwambia, dada yangu, huyo mtu asikiguse. Kipeleke ofisi ya basi, mimi nitalipia huku. Akanijibu, "Nimeshatoka ofisi ya basi. Nimelipia mwenyewe. Risiti ina jina lako."

Kesho yake nilisimama ofisi ya basi hapa Tunduma, na kitambulisho mkononi, watu wanaonijua wakinitazama. Waliotaka kucheka wakacheke. Nikasaini, nikapewa kibahasha kilichofungwa, hakikuguswa na mtu. Ndani yake mama yangu, amefuliwa, amepigwa pasi.

Lile shela tulilipeleka Hasamba. Shangazi alilibeba kwa ncha ya fimbo, akalitumbukiza kwenye shimo la maganda ya kahawa, akanawa mikono mara mbili. Festo bado anapita barabara hii. Anjela alijifungua mtoto wa kike, na ninavyosikia hata spea za gari zake Festo anamlundikia sebuleni. Kuna binti mwingine sasa, huko mbele, Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Mimi sishangai tena.

Dada zangu, wadogo zangu mnaoagiza vitu kwenye simu, nawasihi. Lipieni mizigo yenu! Daini karatasi yenye jina lenu, boksi lifungwe, mlifungue wenyewe. Msione haya ya kuonekana ofisi ya basi. Na mwanamume akikucheka kwa sababu unalipia, mtazame vizuri kabla hujampa kitu cha mama yako. Mimi nilikwepa nauli ya boksi moja nikavuliwa heshima mbele ya mji mzima, na waliokula pilau ya Makambako hawajui hata kama nipo.

Kitambaa kiko sandukuni. Kama nitaolewa sijui, lakini huwa nakikunjua nikiwa peke yangu. Kwenye kona moja, palepale mama alipomalizia tawi la mwisho, kuna duara la kahawia. Mtu aliweka kikombe cha chai. Nimelifua kwa kila sabuni inayouzwa hapa mpakani, ya kwetu na ya Zambia. Halitoki.